Masika na makorongo ya Meru: mashine yako isinywe maji



Wiki hii naweka pembeni mbegu na mbolea. Tangu mvua zianze, simu ninazopigiwa si za viwavi peke yake. "Bwana shamba, pikipiki imekunywa maji, nifanyeje?" Wengine wameona zile ATV, pikipiki za magurudumu manne za mashamba makubwa, zimefungwa bomba refu kama la Land Cruiser za watalii, na wanataka kujua kama na wao wafunge.

Nitajibu yote mawili. Ila nianze na kosa langu mwenyewe.

Siku niliyoua pikipiki

Masika ya 2024 nilikuwa napandisha Ngarenanyuki. Mama mmoja alikuwa amenipigia asubuhi: "Mwanangu, nyanya zangu zina madoa, majani kama yamebabuka na maji ya moto." Aliposema hivyo tu nikahisi ni bakajani chelewa, na ugonjwa ule kwenye baridi na unyevu haukusubiri. Siku chache tu unakuta shamba limeungua.

Njiani kuna korongo ambalo kiangazi unalivuka bila hata kupunguza gia. Siku hiyo maji yalikuwa yametuama upande mmoja, yana rangi ya chai. Nikajisemea, si nalivuka kila wiki? Nikaingia. Katikati gurudumu la mbele likazama kwenye shimo, pikipiki ikalala kidogo, injini ikakata.

Mpaka hapo nilikuwa bado sijaharibu kitu kikubwa. Kosa lilikuja baadaye. Vijana wa bodaboda wakanisaidia kuitoa, nikapiga stata, ikagoma. Tukaona tuisukume. Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi. Ikatoa mlio mmoja mkavu, gurudumu la nyuma likakwama palepale. Fundi alipofungua alinionyesha konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Umepinda.

Nilikaa siku tisa bila usafiri. Yule mama nilimwelekeza kwa simu, lakini dukani alipewa dawa ya wadudu badala ya dawa ya ukungu, akaipiga kwa uaminifu wote. Nilipofika, shamba lilikuwa kahawia kuanzia mwanzo wa tuta mpaka mwisho. Hakunilaumu. Alinikaribisha chai, tukanywa tukiangalia lile shamba. Ndo maana naandika makala hii. Usidhani hasara ya mashine kunywa maji inaishia gereji.

Kwa nini maji yanaua injini

Injini inapumua kama wewe. Inavuta hewa kupitia eakilina, hewa inachanganyika na petroli, pistoni inapanda na kuubana ule mchanganyiko, plagi inawasha. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Maji yakijaa juu ya pistoni, pistoni ikipanda ni kama imegonga jiwe, na kitu cha kwanza kupinda ni konrodi.

Kwa hiyo injini ikikata ndani ya maji, uwezekano ni miwili. Inawezekana umeme umelowa tu, ukikauka itawaka. Au imekunywa maji. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ndiyo sababu nasema usipige stata, usipige kiki, usisukume, mpaka uchomoe plagi uone.

Snokeli inafanya nini

Arusha hii snokeli tunaiona kila siku, hata kama jina hatulijui. Ni lile bomba jeusi linalopanda pembeni ya kioo cha mbele cha Land Cruiser zinazoenda mbugani. Kazi yake ni kuhamisha pua ya injini kutoka chini kwenda juu, mbali na maji na mbali na vumbi zito.

Nilikaa nusu siku na fundi mmoja upande wa Usa River akifunga snokeli kwenye ATV ya shamba. Msimamizi anaitumia kuzungukia mifereji ya umwagiliaji, na masika inazama kwenye madimbwi ya udongo mweusi. Nilichojifunza ni kwamba bomba lenyewe ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuziba kwingine kote.

1. Boksi la hewa. Liko chini ya siti. Linafunguliwa, linasafishwa, na kila tundu na kila ukingo unazibwa kwa silikoni. Kwa chini kuna kitundu cha kutolea maji na oili. Hicho kinawekewa kizibo unachoweza kukifungua, usikigundishe moja kwa moja.

2. Bomba. Upana wake usipungue ule wa tundu la kiwandani. Kona ziwe chache. Linapanda mpaka usawa wa usukani, na mdomo unageuzwa chini au nyuma ili mvua isiingie.

3. Pua ya pili. ATV nyingi hazina mnyororo wala gia kama bodaboda, zinazungushwa na mkanda ulio ndani ya kasha. Kasha hilo nalo linapumua: lina tundu la kuingiza hewa na la kutoa. Yote mawili yanapandishwa juu, kila moja na bomba lake, bila kuunganishwa na lile la injini. Ukisahau hapa, injini itanguruma vizuri tu lakini mkanda uliolowa utateleza, na wewe utabaki katikati ya dimbwi.

4. Mipira ya kupumulia. Difu, giaboksi, tangi na kabureta, kila kimoja kina mpira mwembamba wa kupumulia. Fikiria difu lenye joto linaingia kwenye maji baridi. Hewa ya ndani inasinyaa, inavuta chochote kilicho kwenye mdomo wa mpira. Kama mdomo uko ndani ya maji, linavuta maji. Mipira hiyo nayo inapandishwa juu.

5. Umeme. Kofia ya plagi na soketi za nyaya zinapakwa grisi ya umeme, si grisi ya beringi.

Alipomaliza, fundi akawasha injini ikaunguruma taratibu, akaziba mdomo wa snokeli kwa kiganja. "Bwana shamba, angalia. Ikifa, tumemaliza. Ikiendelea, inapumua kwingine." Haikufa. Alitafuta mpaka akakuta klipu moja haijakaza kwenye mpira wa kabureta. Akaikaza, akaziba tena, ikazima. Jaribio hili halina gharama. Usimlipe fundi kabla hujaliona kwa macho yako.

Halafu endesha siku mbili tatu uangalie. Ikitoa moshi mweusi, plagi ikawa nyeusi kama masizi, ujue bomba limebana hewa na injini inakula petroli nyingi kuliko hewa. Bomba lipanuliwe au kabureta ipangwe upya.

Na pikipiki yetu ya kawaida je?

Hapa ndipo wengi wanapoteza hela. Pikipiki nyingi za biashara na hizi za maafisa ugani, zile Serikali ilizogawa mwaka 2022, zinavuta hewa karibu na usawa wa siti. Kabla maji hayajafika huko, kinachokukatisha njiani mara nyingi ni mpira wa kabureta wa kupumulia, unaoning'inia chini karibu na injini. Mdomo wake ukizama, kabureta inakosa hewa, petroli haishuki vizuri, injini inakata. Maji hayajaingia popote, ila tayari umesimama mtoni.

Dawa yake ni rahisi. Mwambie fundi aukate mpira huo, aweke kiungo cha umbo la T. Tawi moja liendelee kushuka kama zamani, jingine lipande mpaka chini ya tangi. Ule mpira mwingine wa chini kabisa, wa kumwagia petroli ya kabureta, usiuguse. Ongeza kofia nzuri ya plagi na eakilina iliyofungwa sawasawa na mfuniko wake, inatosha kwa njia zetu nyingi. Kama pikipiki ni ya ofisi, omba ruhusa kwanza. Mimi yangu nimeishia kwenye huo mpira tu, snokeli sijafunga.

Snokeli haikugeuzi samaki

Sasa tuongee lililo zito. Nimeona kijana akishafunga bomba anaanza kutafuta maji marefu ya kuonyeshea wenzake. Bomba linasaidia injini kupumua. Halikupi uzito, halikushiki chini.

ATV ina matairi manene yaliyojaa upepo. Maji yakiongezeka kina, matairi yanaanza kuelea, mashine inakuwa nyepesi, haishiki ardhi. Ndiyo maana vitabu vya mashine hizi kwa kawaida vinakutaka usizidishe kina cha pale unapokanyaga miguu. Snokeli haibadilishi hilo. Faida yake ni pale unapozama ghafla kwenye shimo, kama nilivyozama mimi.

Na maji yanayokwenda ni habari nyingine kabisa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya watu wake kwamba maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo. Sentimita 15 ni chini ya goti, tena mbali sana.

Sisi wa chini ya Meru tuna hatari ya ziada. Mlima una zaidi ya mita 4,500, na mvua inaweza kunyesha kule juu wakati huku chini jua linawaka na umeanika mahindi. Unafika korongoni unakuta kijito kidogo. Dakika chache baadaye maji yanashuka na mawe na magogo. Hatujasahau tarehe 12 Aprili 2024, gari la wanafunzi liliposombwa kwenye korongo hapahapa jijini Arusha na watoto wakapoteza maisha. Hakuna bomba ambalo lingeyazuia maji yale.

Kwa hiyo sheria yangu sasa ni hii:

- Maji yametuama na nimeyapima kwa fimbo, hayazidi pa kukanyagia: navuka, gia ya kwanza, mwendo mmoja, bila kuachia mafuta.
- Maji yametuama lakini ni marefu zaidi, au sijui chini kuna nini: nazunguka.
- Maji yanakwenda na sioni chini: nageuza. Siyapimi kwa miguu, wala simtumi mtoto akapime.
- TMA wametangaza mvua kubwa: ziara ya upande wa makorongo naiahirisha, nawapigia wakulima mapema.

Kama imeshazama, fanya hivi

1. Zima swichi. Itoe majini kwa kusukuma ikiwa niutro.
2. Chomoa plagi. Kwa pikipiki yenye kiki, piga kiki taratibu plagi ikiwa nje, maji yatatoka kwenye tundu. Endelea mpaka yaishe. Usiweke uso karibu, na usiwe na sigara.
3. Fungua eakilina. Ya sponji ikamue na kuianika, ya karatasi badilisha.
4. Legeza skrubu ya chini ya kabureta, mwaga petroli yote iliyomo humo.
5. Angalia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage, weka mpya, endesha dakika chache, imwage tena. Ndiyo, mara mbili. Kwenye ATV kagua na oili ya difu.
6. Kausha plagi, rudisha, ndipo uwashe.
7. Siku inayofuata fungua breki uzisafishe, kagua na beringi za magurudumu. Maji ya makorongo yetu yana mchanga wa volkano, unasaga kama msasa.

Kama huna spana ya plagi hapo ulipo, usijaribu kuiwasha. Kodi guta, ibebe mpaka kwa fundi. Nauli ya guta ni ndogo kuliko konrodi.

Yule mama wa Ngarenanyuki alipanda tena msimu uliofuata. Safari hii tumekubaliana: akiona doa, ananitumia picha ya jani juu na chini, na jina la dawa ya ukungu namwandikia kwenye ujumbe aende nao dukani. Kwa hiyo hata kama korongo limejaa na mimi nimegeuza, ushauri utafika. Nanyi wengine fanyeni hivyohivyo, namba yangu mnayo.

Spana ya plagi iwe chini ya siti kabla ya mvua ijayo. Tukutane wiki ijayo kwenye maharage.