Diski Pacha: Kinga ya Kumbukumbu za Mgonjwa

Mgonjwa wa shinikizo la damu anapofika kliniki, tabibu hufungua kompyuta kabla ya kuandika dawa. Humo mna vipimo vya figo vya miezi iliyopita, dozi zilizobadilishwa, na jina la dawa iliyowahi kumletea mzio. Katika vituo vingi vidogo, hayo yote hukaa ndani ya diski moja. Siku diski hiyo inapokufa, mgonjwa aliyetibiwa hapo miaka mingi hugeuka mgeni, na tabibu hulazimika kukisia.

Kufa kwa diski si jambo la ajabu. Diski nyingi za kawaida zina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Joto, mtikisiko na umeme unaokatika ghafla huzichosha, na pengine hufa bila dalili yoyote.

Kinga yake inajulikana tangu zamani. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza namna ya kuunganisha diski za bei nafuu zifanye kazi pamoja. Mpangilio walioutaja kwanza ni wa kioo: kila kinachoandikwa katika diski moja huandikwa pia katika pacha wake. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi. Kwa kompyuta inayotumia mfumo wa Linux, programu ya bure iitwayo mdadm hutosha. Hapahitajiki kifaa cha ziada isipokuwa diski ya pili.

Swali gumu ni hili: kituo ambacho tayari kina diski moja iliyojaa kumbukumbu kitafikaje huko bila kuzipoteza? Kosa la kuogopwa ni kuziunganisha diski zote mbili kwa pamoja tangu mwanzo, kwani diski yenye kumbukumbu inaweza kuandikwa upya. Fundi makini hufuata utaratibu ufuatao:

1. Huweka nakala ya akiba katika kifaa kingine, kisha huifungua na kuhakikisha kuwa inasomeka.
2. Hufunga diski mpya, isiyo ndogo kuliko ya zamani, na kuanzisha kioo chenye upande mmoja tu. Nafasi ya pacha wa pili huachwa wazi.
3. Husimamisha programu ya kumbukumbu ili pasiwe na taarifa inayobadilika, kisha hunakili kila kitu kwenda upande huo mpya.
4. Huielekeza kompyuta iwake kutoka kwenye kioo, huiwasha upya, na kumwomba mhudumu afungue majalada kadhaa na kuyakagua.
5. Baada ya hapo tu ndipo huiongeza diski ya zamani. Yaliyomo hufutwa, na nakala ya kioo huandikwa juu yake kwa muda unaoweza kufika saa kadhaa.
6. Huhakikisha kuwa kompyuta inaweza kuwaka hata ikibaki na diski yoyote moja kati ya hizo mbili.

Hatua ya nne haina mkato. Timu ya upasuaji huhesabu vifaa kabla ya kufunga tumbo. Vivyo hivyo, diski ya zamani isiguswe kabla mpya haijathibitishwa.

Hata hivyo, diski pacha si nakala ya akiba. Jalada likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa pande zote mbili papo hapo. Virusi vya kompyuta, moto na wizi navyo havichagui pacha. Kwa hiyo nakala ya akiba iendelee kutengenezwa na kuwekwa mbali na kompyuta. Aidha, pacha mmoja anaweza kufa na kazi ikaendelea bila mtu kutambua. Mdadm inaweza kupangwa itume onyo, na lazima awepo mhudumu wa kulipokea. Diski iliyoharibika isitupwe jalalani, kwa kuwa bado inaweza kuwa na siri za wagonjwa.

Nawe mgonjwa, tunza kadi yako na uzijue dawa zako kwa majina, hasa zile zinazokudhuru. Mashine ikinyamaza, maelezo yako ndiyo tabibu atakayoanza nayo.