Kifundo cha Mguu Si Mahali pa Kupasua Ovyo

Wahenga walilonga kuwa tahadhari kabla ya hatari. Huku kwetu Kitale na kwa jirani zetu wa Bungoma, michezo ni kama chakula. Shule ya St. Anthony's inajulikana kwa kandanda, nayo Kamusinga kwa magongo. Lakini palipo na michezo, wapo wanaotegua vifundo vya miguu. Wengi hupona kwa kupumzika. Wachache maumivu hukataa kuisha, na hao daktari wa mifupa anaweza kuwafanyia athroskopia, yaani upasuaji wa kutumia kamera nyembamba sana.

Swali ni hili: kamera hiyo inapitaje bila kukata neva au mishipa ya damu?

Hebu vua kiatu. Gusa juu ya mguu, katikati, chini kidogo ya kifundo. Utasikia mshipa ukidunda. Huo ni ateri, na neva imelala kando yake. Sasa kunja mguu kuelekea chini na ndani. Ukiwa mwembamba, huenda ukaona kitu kama uzi chini ya ngozi, upande wa nje. Hiyo ni neva nyingine, na ndiyo huumizwa zaidi katika upasuaji huu. Kifundo hakina nyama nyingi kama paja. Mifupa, kano, neva na mishipa vimebanana kama abiria ndani ya matatu! Mwaka 1931 Daktari Michael Burman wa New York alisema kifundo hakifai kuingizwa kamera kwa sababu ni chembamba mno. Leo inawezekana, lakini kwa masharti.

Kwanza, daktari huchora kwa kalamu njia ya ile neva kabla ya kupasua. Pili, hujaza kiungo maji ya chumvi kwa sindano ili nafasi ipanuke. Tatu, hupitia kando ya kano, upande wa ndani na wa nje, na kuepuka katikati palipo na ateri. Nne, kisu hukata ngozi tu. Baadaye hutumia koleo butu kupanua njia polepole. Ni kama mkulima anayechimba karibu na bomba la maji: akilikaribia, huweka jembe kando na kutumia mikono. Tano, mguu hauvutwi kwa nguvu kupita kiasi, maana neva ikivutwa sana pia huumia.

Nawe mgonjwa una kazi yako. Kabla ya upasuaji, mwambie daktari kama mguu tayari una ganzi mahali fulani. Baadaye, ukiona vidole vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, au ganzi haiishi, usikae nyumbani ukisema ati itaisha yenyewe. Rudi hospitali haraka. Usiende kukandwa na mtu kijijini.