WANAWAKE WANAOTETEA HAKI ZA WANAUME



Katika mikutano ya matawi tumesikia swali hili mara nyingi: mwanamke anayedai haki za wanaume yuko upande gani? Wanaume wengine hucheka. Akina mama wengine hukasirika na kusema amewasaliti wenzake. Sisi twaona swali hili lijibiwe kwa mambo yaliyotokea. Mfano mmoja ulitokea Marekani, nao unahusu makato ya mshahara, jambo ambalo kila mfanyakazi analijua.

MCHANGO SAWA, MAFAO NUSU

Paula Wiesenfeld alikuwa mwalimu katika jimbo la New Jersey. Nyumba yake ilitegemea zaidi mshahara wake kuliko mapato ya mumewe, Stephen. Alikatwa mchango wa Hifadhi ya Jamii kwa kiwango kile kile alichokatwa mwanamume. Mwezi wa Juni 1972 alifariki wakati wa kujifungua. Mtoto akapona, na baba akataka kukaa nyumbani amlee.

Stephen alipokwenda kudai mafao, aliambiwa kwamba mtoto atapata fungu lake, lakini yeye hana chake. Kwa sheria ya wakati ule, fungu la mzazi aliyebaki na mtoto mdogo liliitwa mafao ya mama. Mjane alilipwa. Mgane, yaani mwanamume aliyefiwa na mke, hakulipwa.

Aliyemtetea baba huyu mahakamani alikuwa mwanamke, wakili Ruth Bader Ginsburg, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupigania haki za wanawake. Hoja yake ilikuwa hivi: sheria hii inamnyima baba nafasi ya kulea, na pia inamwibia marehemu mama. Paula alilipa kama wanaume, lakini fedha yake ilinunua ulinzi mdogo kwa watu wake. Tarehe 19 Machi 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria hiyo inavunja katiba. Majaji wote 8 waliosikiliza kesi walikubaliana.

Mwaka 1977 Ginsburg alishinda kesi nyingine ya mgane, Leon Goldfarb. Mkewe Hannah alifanya kazi ya ukatibu katika shule za New York kwa miaka 25 hivi na kuchangia muda wote. Alipokufa, mume alitakiwa athibitishe kwamba mke ndiye aliyekuwa akimlisha. Mjane hakuulizwa swali hilo. Safari hii ushindi ulikuwa mwembamba, majaji 5 kwa 4.

Naye Karen DeCrow, aliyeongoza chama kikubwa cha wanawake cha Marekani, NOW, toka 1974 hadi 1977, alitetea baba na mama walioachana wagawane malezi ya watoto. Baadhi ya wenzake hawakupendezwa. Yeye alishika msimamo kwamba baba akiachwa nje ya malezi, mzigo wote unabaki kwa mama.

TUTENGANISHE MAMBO MAWILI

Hatusemi kila anayejiita mtetezi wa wanaume anafaa kuungwa mkono. Wako wanaodai haki ya baba kwa kutaka mama apunguziwe ya kwake. Huko ni kugombanisha wafanyakazi, na anayefaidi ni mwajiri. Kipimo chetu ni kimoja: je, dai hili linaongeza haki katika nyumba ya mfanyakazi, au linaitoa mkono mmoja na kuitia mkono mwingine?

NA HUKU KWETU?

Tazameni likizo ya baba mtoto anapozaliwa. Sheria ya Tanzania ya 2004 iliweka siku zisizopungua 3. Sheria ya Uganda ya 2006 iliweka siku 4 za kazi. Sheria ya Kenya ya 2007 iliweka wiki 2. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa hawezi kuinua ndoo ya maji siku ya nne. Baba akirudi kazini, ataiinua nani? Ni mama mwenyewe na mshono wake, au dada yake atakayeacha kibarua chake. Kwa hiyo mwanachama mwanamke anayedai baba aongezewe siku anautetea mwili wake mwenyewe.

Basi tunayaomba matawi yafanye mambo mawili. Kwanza, mnapokwenda kujadili mkataba wa hali bora, likizo ya baba iwe katika orodha ya madai. Siku za sheria ni za chini, mkataba waweza kuziongeza. Pili, someni fomu za matibabu na mafao ya kifo kazini kwenu. Ikiandikwa "mke na watoto" peke yake, ulizeni: mume wa mfanyakazi mwanamke yuko wapi? Yeye pia amekatwa.

Wazee walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mkataba nao uandikwe hivyo.