Betri ya CMOS haina kosa

Swali ni lile lile, na huja limeshabeba jibu lake: "Kompyuta yangu ina Windows na Linux. Kila nikihama kutoka moja kwenda nyingine, saa inaruka. Fundi kasema betri ya CMOS imekufa. Nzuri inapatikana wapi?"

Haijakufa. Kabla hujatoa hela, niambie kwanza saa imeruka kwa kiasi gani. Tatu, sivyo? Si mbili na nusu wala nne: saa tatu kamili, na dakika ziko sahihi. Betri iliyochoka haijui kupiga hesabu safi namna hiyo. CR2032, ile ya duara ya volti 3, ikiisha nguvu, saa huchelewa ovyo ovyo au hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Unawasha asubuhi unakuta ni Januari mosi ya mwaka ambao kompyuta yenyewe ulikuwa hujainunua. Kivinjari nacho kinagoma kufungua tovuti, kwa sababu kwa tarehe hiyo vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika. Hizo ndizo dalili za betri. Saa tatu kamili ni tofauti ya Afrika Mashariki na UTC. Msomaji wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi ataona saa mbili, kwa betri ya aina ile ile. Tangu lini betri zikajua mipaka ya nchi?

Ndani ya kompyuta mna saa ndogo inayoendelea kutembea hata ukiizima. Linux huandika humo muda wa UTC, na inapokuonyesha huongeza 3. Windows, kwa mazoea iliyoyarithi kwa DOS, huandika humo saa ya ukutani kama ilivyo. Sasa ni saa nne asubuhi Dar es Salaam, na Linux imeacha humo 07:00. Unawasha Windows: inasoma 07:00, inakuonyesha 07:00. Ikipata intaneti inajirekebisha na kuandika 10:00. Unarudi Linux: inasoma 10:00, inaongeza 3, unaambiwa ni 13:00. Hakuna kilichoharibika hapo. Mifumo miwili inatumia daftari moja bila kupatana.

Ndiyo maana betri mpya "inaponya" kwa siku moja: fundi ameiweka saa kwa mkono. Jioni unawasha mfumo wa pili, mambo ni yale yale, unaambiwa betri ilikuwa feki, nunua nyingine. Nimeletewa laptopu yenye betri inayong'aa, vishikizo vya kifuniko cha chini vimevunjika, na Windows bado iko nyuma saa tatu. Wengine hukimbilia kuiambia Linux kwamba wanaishi Reykjavik, kunakotumika UTC mwaka mzima. Inakaa sawa mpaka intaneti ipatikane; hapo Linux itakuonyesha saa za Reykjavik kwa uaminifu wote.

Haya, dawa. Fungua terminali, andika timedatectl. Mstari wa Time zone usome Africa/Dar_es_Salaam, Africa/Nairobi au mji wako. Kama sivyo, sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi. NTP service isome active. Kama sivyo, sudo timedatectl set-ntp true. Kisha chagua upande mmoja wa kurekebisha. Upande wa Windows, ninaoupendelea: fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation, ongeza DWORD yenye jina RealTimeIsUniversal, thamani 1, washa upya. Kama Windows ni ya ofisi na huruhusiwi kuigusa, rekebisha Linux: sudo timedatectl set-local-rtc 1. Itakupa onyo, ambalo zaidi linawahusu wenye kusogeza saa kila majira ya joto. Kenya, Tanzania na Uganda hatusogezi. Usifanye yote mawili, maana Windows iliyokuwa nyuma saa tatu itakuwa mbele saa tatu, nawe utarudi kwa fundi wa betri.

Na baada ya hayo, tarehe ikirudi miaka nyuma kila ukizima kompyuta na kuchomoa umeme, hapo nunua CR2032. Ya duka la saa inatosha.