Papa, Dagaa na Feri: Tabaka za Msamiati wa Uvuvi katika Kiswahili cha Pwani ya Dar es Salaam na Mipaka ya Ukopaji kutoka Kiingereza

Ikisiri

Makala hii inafafanua msamiati wa samaki na uvuvi unaotumika katika maeneo ya pwani ya Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam. Lengo ni kuonesha mahali ambapo maneno ya Kiingereza yameingia katika msamiati huo na mahali ambapo hayakuingia. Hoja kuu ni kwamba Kiingereza kimekopesha majina ya mitambo, vipimo na mamlaka, lakini hakikugusa majina ya samaki, hali za maji wala sitiari zinazotokana na uvuvi. Makala inahitimisha kwamba tafsiri ya sheria na utungaji wa kamusi havina budi kuanzia katika msamiati uliokwishakuwapo ufukweni.

1.0 Utangulizi

Jiji la Dar es Salaam hufahamika zaidi kwa bandari na biashara kuliko kwa uvuvi. Hata hivyo, Kunduchi, Msasani, Ununio na Mbweni kwa upande wa Kinondoni, pamoja na ufukwe wa kusini uliokuwa chini ya Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya inayojitegemea, ni maeneo ambamo uvuvi ulitangulia jiji lenyewe. Msamiati wa kazi hiyo umeendelea kutumika na kukua sambamba na ongezeko la watu waliotoka bara. Wengi wao hawakukua wakivua baharini, lakini wamerithi maneno ya wavuvi kupitia sokoni, jikoni na magazetini.

Uchunguzi wa msamiati huu una umuhimu wa aina mbili. Kwanza, unaonesha historia ya mawasiliano ya jamii za pwani na watu wa ng'ambo. Pili, unahusu haki. Mvuvi anayeadhibiwa kwa kumiliki zana haramu huadhibiwa kwa jina la zana hiyo. Iwapo jina lililomo katika sheria na jina linalotumika ufukweni hayalingani, suala la istilahi huacha kuwa la wanaisimu peke yao.

Katika kueleza matumizi ya kitamathali, makala inaongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhanifu iliyoasisiwa na Lakoff na Johnson (1980), inayodai kwamba binadamu huelewa dhana moja kwa kuitumia nyingine aliyoizoea.

2.0 Tabaka za Msamiati wa Uvuvi

Tabaka la chini kabisa ni la Kibantu. Nomino ndoana inalandana na mzizi wa Kibantu wenye maana ya kuvua kwa chambo, ambao katika Kiganda unaonekana katika kitenzi okuloba na nomino eddobo. Konsonanti b ya kati imedondoka katika Kiswahili, kama ilivyodondoka katika kitenzi ona, ambacho katika Kizulu ni bona. Tabaka hili lina pia jina la kale la samaki, yaani nswi, ambalo limebaki katika lahaja za kaskazini na katika ushairi wa kale. Hata nomino pwani imetokana na kitenzi pwa, maana yake maji kurudi nyuma. Kwa hiyo, pwani ni mahali panapopwa. Jina hilo limetolewa na mtu aliyeitazama bahari kwa jicho la mvuvi, kwa kuwa maji kupwa na kujaa ndiyo saa ya kazi yake.

Tabaka la pili ni la Kiarabu na Kiajemi. Samaki, bahari, baharia na usukani yana asili ya Kiarabu. Nahodha na nanga yana asili ya Kiajemi. Inafaa kuzingatia kwamba neno la mkopo samaki lililisukuma pembeni neno la jumla nswi, lakini halikufuta majina mahususi: changu, pono, tasi, chewa, nguru, kolekole, taa na papa. Aidha, neno hilo la mkopo lilipokewa kwa sarufi ya Kibantu. Husemwa samaki huyu na samaki hawa, hata samaki huyo akiwa amekaangwa na kuwekwa sahanini.

Tabaka la tatu ni la Kiingereza. Maneno yake yanagawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la mitambo na vifaa: boti, injini, fiba na ringineti, yaani wavu wa kuzungushia kundi la samaki, unaotumika hasa usiku kwa msaada wa taa. Kundi la pili ni la vipimo: nyavu hutajwa kwa inchi za macho yake. Kundi la tatu ni la mamlaka: leseni, faini na kifupisho BMU, kinachotamkwa kwa herufi za Kiingereza, ingawa kina jina la Kiswahili la vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi.

Mfano ulio bayana zaidi wa tabaka hili ni Feri. Neno hili lilitokana na jina la Kiingereza la kivuko cha Kigamboni, likahamia soko la samaki lililo kando ya kivuko hicho, Kivukoni. Leo mkazi wa Mbagala anaposema kwamba samaki wake ametoka Feri, hafikirii kivuko. Maana ya chombo imefifia na maana ya soko imechukua nafasi. Kiingereza kimetoa umbo la neno. Maana imetolewa na wanunuzi, wachuuzi, madalali na waparaji wa samaki. Hata ndani ya soko hilo lenye jina la mkopo wa Kiingereza, shughuli yenyewe huendeshwa kwa maneno mengine: mnada, dalali, fungu, kupara, magamba na shombo.

3.0 Sitiari za Samaki na Uvuvi

Iwapo ukopaji kutoka Kiingereza ungekuwa wa kina, tungetarajia kuona sitiari za Kiingereza zikitawala. Ushahidi unaonesha kinyume chake. Katika Kiingereza, jambo lenye harufu ya samaki ni jambo linalotiliwa shaka. Katika Kiswahili, harufu ya samaki ina jina lake, shombo, na maneno ya shombo ni matusi au kauli za kuudhi. Chanzo cha sitiari ni kilekile, yaani harufu, lakini shabaha ni tofauti: Kiingereza kinalenga ukweli wa jambo, Kiswahili kinalenga adabu ya msemaji.

Tofauti nyingine ni ya umahususi. Kiingereza humwita mtu mwenye nguvu samaki mkubwa. Kiswahili hutaja samaki mwenyewe. Mwaka 2009, mjadala wa ufisadi nchini uliibua magazetini majina fisadi papa na, katika kujibizana, fisadi nyangumi. Mantiki ya majibizano hayo ilihitaji msomaji ajue kwamba nyangumi humzidi papa kwa ukubwa, bila kujali kwamba katika biolojia nyangumi si samaki. Upande wa pili wa mizani yupo dagaa, mhalifu mdogo anayekamatwa wakati papa anaogelea. Dagaa aliyekaushwa, kauzu, ametoa sitiari nyingine mitaani: mtu kauzu ni mtu mkavu, asiyeona haya wala huruma. Hapa kinachohamishwa ni ukavu wa samaki, si ukubwa wake.

Baadhi ya sitiari zimejengwa juu ya uchunguzi makini wa tabia za samaki. Mtu mwenye usingizi mzito hulala kama pono. Pono hulala usiku miongoni mwa matumbawe, na baadhi ya spishi zake hujifunika ute unaowazunguka mwili mzima. Msemo huu ni maarifa ya kibiolojia yaliyohifadhiwa katika lugha. Vivyo hivyo, methali isemayo hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi hueleweka kwa anayejua kwamba samaki huyo hurukaruka, na huenda akaangukia chomboni.

Si sitiari zote zisizo na madhara. Changudoa ni jina la samaki wa jamii ya changu mwenye doa ubavuni. Katika Dar es Salaam jina hilo limehamishiwa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na maana mpya imeishinda ile ya asili kiasi kwamba wasemaji wengi hawajui kuwa lilikuwa jina la samaki. Hasara ni mbili: mwanamke amepewa jina la bidhaa inayonadiwa, na samaki amepoteza jina linaloweza kutajwa hadharani bila kuleta kicheko.

Uchambuzi wa sitiari hizi unahitaji tahadhari ya kimofolojia. Kitenzi vua cha uvuvi na vua cha kuondoa vazi ni homonimu. Kauli kuvuliwa madaraka, pamoja na kaulimbiu ya kujivua gamba iliyovuma katika siasa za Chama cha Mapinduzi mwaka 2011, zinatokana na kitenzi cha pili. Gamba linalozungumziwa ni la nyoka. Kuziorodhesha kauli hizo miongoni mwa sitiari za uvuvi ni kufuata umbo na kuacha maana. Kwa upande mwingine, kutikisa nyavu katika utangazaji wa soka kunahusiana na zana ya mvuvi, kwa kuwa lango limefungwa wavu.

4.0 Athari katika Sheria na Kamusi

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri istilahi za uvuvi kwa hiyo si ya nadharia tena.

Chukua mfano wa wavu unaokokotwa kuelekea ufukweni. Matangazo ya serikali hutumia neno kokoro, lililozoeleka sana katika Ziwa Victoria. Wavuvi wa pwani wana neno juya. Mtafsiri akichagua kokoro bila kulifafanua, mvuvi wa Kunduchi anaweza kudhani kwamba katazo linahusu zana ya ziwani. Akichagua juya bila kulifafanua, katazo linaweza kueleweka kuwa linahusu kila wavu mkubwa. Vilevile, kinachoitwa matundu ya wavu katika lugha rasmi ndicho kinachoitwa macho ufukweni, na kipimo cha macho ndicho mara nyingi kinachotenganisha wavu halali na wavu haramu.

Kamusi zingetarajiwa kutoa msaada, lakini fasili nyingi za vidahizo vya uvuvi huishia katika kirai aina ya samaki au aina ya wavu. Fasili ya namna hiyo haimwezeshi msomaji kutofautisha changu na chewa, wala hakimu kutofautisha jarife na juya. Makala inapendekeza kwamba fasili ya zana ya uvuvi itaje mambo manne: umbo, namna ya kutumika, ukubwa wa macho, na mahali inapotumika. Kwa kigezo hicho, dema ni mtego uliofumwa kwa fito au mianzi, wenye mlango unaomruhusu samaki kuingia na kumzuia kutoka, unaozamishwa penye miamba. Jarife ni wavu imara wenye macho makubwa, unaotegwa bila kukokotwa ili kunasa samaki wakubwa kama papa na taa. Juya ni wavu unaozungushwa majini kisha kukokotwa. Tofauti kati ya kutega na kukokota, iliyokwishakuwapo katika vitenzi vya wavuvi, ndiyo tofauti ambayo sheria inaihitaji.

5.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba msamiati wa uvuvi wa pwani ya Dar es Salaam una tabaka tatu, na kwamba Kiingereza kimeishia katika injini, inchi na leseni. Samaki, maji na sitiari vimebaki mikononi mwa wasemaji, na hata neno Feri lililotoka nje limepewa maana isiyojulikana huko lilikotoka. Matokeo haya yana maana kwa wapangaji wa lugha. Anayetafuta istilahi za sheria ya uvuvi hana haja ya kuzibuni upya kutokana na Kiingereza. Istilahi hizo zipo Kunduchi, Msasani na Feri. Zinahitaji kukusanywa, kufasiliwa na kuingizwa katika matini za sheria kabla mvuvi hajafikishwa mahakamani.