Moshi wa Mashine Utoke Nje

Katika vijiji vingi mashine ya kusaga huendeshwa kwa injini ya dizeli. Mashine imetupunguzia kazi ya kutwanga. Lakini moshi wake ni sumu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Anayeumia zaidi ni mwendesha mashine, maana yeye huuvuta mchana kutwa. Tena ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Chumba kikifungwa, huweza kuua mtu.

Basi tufanyeje?

Kwanza, bomba la moshi litolewe nje, lipite juu ya paa, mbali na foleni ya akina mama na watoto.

Pili, madirisha yawe wazi.

Tatu, chujio la hewa lisafishwe. Likizibwa na vumbi la unga, injini hutoa moshi mweusi na hula dizeli nyingi.

Nne, mahindi yakiisha, injini izimwe.

Kamati ya mashine iyaandike haya yawe sheria, iyabandike mlangoni. Kusoma tunajua: tuyasome, tuulize yanapovunjwa. Tule ugali, tusile moshi!