Uzi: Zile pesa zisizodaiwa ni za nani?

1/ Kila kampeni zikianza, hakosi mheshimiwa wa kusimama na kusema: "Kuna mabilioni yamelala pale UFAA, tuwape vijana!" Mpinzani wake anajibu: "Hizo pesa serikali ilishakula." Tunapiga makofi pande zote mbili. Wacha niwaeleze kwa nini wote wawili wanatupotosha.

2/ UFAA ni Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa. Imetokana na sheria ya mwaka 2011. Inapokea pesa na hisa ambazo wenyewe hawajulikani waliko, inazitunza, kisha inawarudishia wakijitokeza. Zinatoka kwa benki, sacco, bima, waajiri, kampuni zinazolipa gawio, hata laini za simu zilizo na pesa ndani.

3/ Muda unategemea aina ya mali. Akaunti ya benki ni miaka 5 bila wewe kuwasiliana nao. Gawio la hisa ni miaka 3. Mshahara ambao haukuchukuliwa, mwaka 1 tu. Kabla ya kuzipeleka, kampuni inafaa ikujulishe kwa anwani yako ya mwisho. Sasa kama anwani yenyewe ni sanduku la posta lililofungwa kitambo, barua utaiona wapi?

4/ "Tuwape vijana." Ngoja kwanza. Pesa kupelekwa UFAA hakubadilishi mwenyewe. Sheria haijamwekea siku ya mwisho ya kudai, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya kila mtu. Kwa hivyo anayeahidi kuzigawa anaahidi kugawa pesa za mjane fulani bila kumuuliza.

5/ "Serikali ilishakula." Hapana. Zinaingia kwenye mfuko wa amana, na mfuko huwekeza kwa dhamana za serikali. Maana yake serikali imezikopa na inalipa riba. Lakini hapa ndipo swali la haki liko: kama aliyekopa ananufaika pesa zikikaa, ni nani ana haraka ya kumtafuta mwenyewe?

6/ Zinalala kwa sababu watu wetu hawasemi walichonacho. Babangu alipofariki, tulijua shamba na ng'ombe. Hisa hatukuzijua. Tulikuta karatasi za gawio chini ya sanduku la nguo, tukipanga vitu vya kugawa. Mama mwenyewe alishangaa. Nyumba ngapi hapa Kenya ziko hivyo?

7/ Kuangalia ni rahisi. Piga *361# ama uingie tovuti ya UFAA, utafute kwa nambari ya kitambulisho. Tafuta yako, halafu ya mzazi aliyefariki. Mamlaka haitozi ada ya kudai. Ukiona mtu anakuitisha "kitu kidogo" ndio faili isonge, huyo ni tapeli.

8/ Mwenyewe akiwa hai, anajaza fomu, anaweka kitambulisho na ushahidi kuwa mali ni yake. Akiwa amefariki, hapo ndio kuna kazi: cheti cha kifo, barua ya chifu, kesi ya mirathi, tangazo kwenye Gazeti Rasmi na siku 30 za pingamizi. Kisha kwa kawaida unangoja miezi 6 kabla korti ithibitishe hati.

9/ Sasa piga hesabu. Marehemu aliacha elfu nane. Wakili, nauli ya kwenda kortini mara nne, siku za kazi zilizopotea. Elfu nane imeisha kabla hujaishika. Mirathi midogo inaweza kupitia kwa Mdhamini wa Umma, lakini ni wangapi kijijini wamewahi kusikia ofisi hiyo?

10/ Na tusichanganye mambo. UFAA haihusiki na mashamba. Shamba la marehemu linafuata Sheria ya Urithi. Ni pale tu ambapo hakuna jamaa yeyote anayestahili kurithi ndipo mali huenda kwa serikali. Akisema atawapa watu "mashamba yasiyodaiwa" kupitia UFAA, mwambieni arudi akasome.

11/ Kwa hivyo mdahalo ujao, msiulize ziko ngapi. Ulizeni hivi: Mwaka jana ni familia ngapi zililipwa? Mtapunguza vipi karatasi kwa madai madogo? Tangazo litafika lini kwa redio za lugha za nyumbani na kwa baraza la chifu?

12/ Jumapili hii ukienda nyumbani, keti na wazee uwaulize: akaunti, hisa, bima, sacco, laini za simu. Andika kwa daftari moja, na mtu mwingine ajue iko wapi. Aliye na swali aulize hapa chini, ila usiweke nambari yako ya kitambulisho hadharani.